Nafasi

Kompyuta iliniambia Jumanne, saa nne asubuhi,
mama mmoja wa Emuhaya akiwa amesimama mlangoni
na picha ya mumewe ndani ya bahasha ya kaki:
diski imejaa.

Nikafuta michezo ya mwanangu. Nikafuta nyimbo.
Nikafuta picha za harusi ambayo haikulipwa.
Ikakubali kurasa mbili, kisha ikasema tena: imejaa.
Sikuwa na kingine cha kufuta ila wafu.

Miaka kumi na minne hapa Luanda, kando ya reli,
nachapa vitabu vidogo vya mazishi:
wasifu, ratiba, tenzi tatu, picha ya jalada,
nakala mia mbili; mia tatu kama marehemu alikuwa mwalimu.
Wote wamo humo, ndani ya kisanduku
kisichozidi kisahani cha chai,
gigabaiti themanini, na sauti yake siku hizi
ya mtu anayetafuna mchele wenye changarawe.

Apondi alipanda kutoka Kisumu kabla ya adhuhuri,
diski mpya ameifunga kwa leso kama yai la bata.
Terabaiti moja. Nikamuuliza hiyo ni kiasi gani.
Akatazama dari, akahesabu kwa midomo:
"Hii yako mara kumi na mbili, na chenji inabaki."

Akafungua ubavu wa mashine. Likatoka vumbi jekundu,
mende wawili wakavu, na pini ya nywele isiyo ya mtu ninayemjua.
Skrubu alizitia ndani ya kizibo cha soda.
"Moja ikipotea utanisema mpaka Krismasi."

Akaziunganisha, kuukuu na mpya,
na utepe wa kijani ukaanza kutambaa.
Asilimia mbili.
Asilimia mbili.
Tatu.
Majina yakapita chini yake:
Mzee Logovane. Mama Kegehi. Mtoto wa Vugutsa, hana jina la kwanza.
Mwalimu Mudanya, faili tatu:
ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho kweli.

Saa nane mvua. Stima ikapepesa.
Betri chini ya meza ikaanza kulia,
tukashika pumzi, hata yule mama wa Emuhaya
ambaye hakujua tunangoja nini.
Ikarudi. Arubaini na moja.

"Hizi zina sentensi moja," Apondi akasema, ukucha kwenye kioo.
"Ni nakala? Nizipunguze?"
Nikasoma:
Alipenda chai ya tangawizi,
na hakumruhusu mgeni aondoke mikono mitupu.

Basi nikakiri. Sianzi kamwe na ukurasa mweupe.
Nafungua wasifu wa jana, nafuta jina, naandika jina,
nabadilisha tarehe, kanisa, idadi ya wajukuu.
Na wa jana ulitoka kwa wa juzi,
nyuma, nyuma, hadi faili ya kwanza
niliyoichapa usiku kwa vidole viwili:
Rasoa Kadenyi, mama yangu.
Tangawizi ilikuwa yake.
Nilisahau kuifuta. Mara ya kwanza, kwa kusahau.

Watu mia nne na kitu wamezikwa na chai ya mama,
diwani, mganga, fundi baiskeli,
shemasi aliyekatazwa tangawizi na daktari,
na hakuna familia iliyorudi kulalamika.
Wengine walilia papo hapo kwenye mstari huo.
"Ndivyo alivyokuwa," walisema.

"Usipunguze," nikamwambia Apondi. "Hamisha wote."

Ilipotimia mia akanionyesha duara:
ncha ya buluu, ndio sisi, na weupe wote uliobaki.
"Utaijaza lini?" akauliza, akijivuna.
Nikapiga hesabu, siwezi kujizuia.
Kwa mwendo huu, miaka mia na sitini.
Nani atakuwa akichapa. Jina gani litaandikwa
pale langu litakapofutwa.
Ile kuukuu aliniwekea kiganjani, bado ina joto.
Nikaitia kwenye droo ya risiti.

Mama wa Emuhaya akasogea, akafungua bahasha.
Nikafungua wasifu wa jana.
"Alikuwa mtu wa namna gani?"
Alikuwa amesikia yote.
"Chai hakunywa," akasema. "Alikuwa mkali.
Ila ng'ombe aliwasemesha polepole."

Nikafuta tangawizi.
Mikono mitupu nikaiacha.